Majivu Niliyoyapeleka Kitahana

Heru Juu, Alhamisi mchana

Veneranda mwanangu,

Uko Kitahana kwa bibi yako, umekwenda kumuaga, na nyumba imenyamaza kiasi kwamba nasikia kuku wa jirani wakiparua nyuma ya jiko. Sitakuandikia habari za sweta, wala za vyakula vya stendi, wala za wanaume wa ugenini. Hayo nimeyasema mpaka jana ukaniambia, "Mama, hata redio huwa inapumzika." Nakuandikia jambo moja ambalo sijawahi kulisema. Linahusu mwili wako, na linahusu kazi unayoiendea.

Naogopa, mwanangu. Nimekuwa hivi tangu siku ile ulipoingia mbio na simu mkononi, ukanisomea ujumbe kwamba umepata nafasi ya msaidizi wa maabara kwenye mgodi wa makaa ya mawe huko kusini. Uliruka mpaka kiatu kimoja kikakutoka. Nilikukumbatia, na ulipouliza mbona mikono yangu ni ya baridi nikasema nimetoka kuosha vyombo. Sikuwa nimeosha chombo chochote.

Kisha ukanieleza kazi yenyewe. Wanakuletea vipande vya makaa, unavisaga, unavichoma kwenye tanuri dogo, halafu unapima majivu yaliyobaki. "Yaani mimi nitakuwa mtu wa majivu," ukacheka. Nami nikacheka. Miaka tisa sasa naishi na hofu ya majivu ya aina hiyo, na mtoto wangu wa pekee ameajiriwa kuyatengeneza.

Nikupeleke nyuma, ulipokuwa na miaka kumi.

Unalikumbuka tanuri la matofali la Mzee Khalfani, kule chini kwenye njia ya bondeni. Huyu mzee mwenye duka la vifaa mjini Kasulu ndiye aliyekuwa akikupa biskuti kila tukipita dukani kwake. Kila alipochoma matofali, wanawake wa huku walikwenda na mabeseni kuchota majivu, kwa sababu maharage hapa hatuyahifadhi kwa dawa za dukani. Tunayachanganya na majivu, wadudu hawayagusi, na siku ya kupika tunayaosha. Majivu ya jikoni kwako hayatoshi magunia matatu ya maharage. Ya tanuri yalitosha kijiji kizima, na Mzee Khalfani hakuwahi kumzuia mtu.

Halafu ukaja mwaka ambao kuni za tanuri zilikatazwa, msitu ukafungwa. Mzee Khalfani alikuwa na lori lililopeleka maharage kusini na kurudi tupu. Akaona lisirudi tupu, lirudi na makaa ya mawe. Yalimwagwa pale kando ya tanuri, meusi, yanayong'aa, na sisi sote tulipita kuyatazama kama watu waliosikia pana gari jipya.

Siku tanuri la kwanza la makaa hayo lilipofunguliwa nilikuwepo na ndoo yangu. Wanawake walikuwa wamesimama na mabeseni, lakini hakuna aliyechota. Majivu yalikuwa ya kijivu chenye wekundu kwa mbali, mazito, na ndani yake mna vibonge vigumu vilivyoyeyuka na kuganda. Mama Zabroni jirani yetu, na mdomo wake unaujua, aliokota kibonge kimoja akakiinua juu.

"Majivu gani haya yana mifupa? Mzee Khalfani, umechoma matofali au umechoma shetani?"

"Ungeniuliza bei ya tofali ningekujibu, mama," Mzee Khalfani akasema. "Majivu mimi sijayasomea. Mwalimu wa kemia si huyu hapa, tena kaja na ndoo yake?"

Wote wakanigeukia.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa pili tu, na katika macho yale nilijua bado ni yule binti wa Kitahana aliyepata mimba kidato cha nne. Mimba hiyo ndiyo wewe. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa nakunyonyesha, nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaenda chuo nikakuacha kwa bibi. Kila aliyeniita mwalimu nilimsikiliza kwa makini, nijue kama anasema kweli au ananikejeli. Na sasa wanawake wote wale walikuwa wananingoja mimi.

"Mwalimu, tuchote?"

Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja kuhusu majivu ya makaa ya mawe. Ningeweza kusema nipeni wiki moja. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Makaa ya mawe ni miti ya zamani iliyozikwa ardhini. Majivu ni majivu. Chota."

"Haya, msomi kasema!" Mama Zabroni akapiga kelele. "Choteni, jamani, kabla hajaanza kututoza ada."

Tukacheka sote. Yeye alichota wa kwanza, mimi nikafuata. Wiki ile ile nilijaza gunia nikalipakia kwenye gari la Kibondo, nikalipeleka Kitahana kwa mama yangu. Nilijivuna, Vene. Nilikuwa nampelekea mama kitu kutoka kwenye elimu yangu.

Bibi yako hakuyatumia kwenye maharage ghalani tu. Unalijua lile kopo lake lililotobolewa chini, analolijaza majivu na kuyamwagia maji taratibu, yale maji yanayochuruzika anayatia kwenye chungu ili maharage na kisamvu vilainike. Nilipokwenda kukuchukua baada ya likizo nikamkuta analalamika.

"Mwana wanje, haya majivu yako ni mavivu. Maharage yanakaa motoni mpaka adhuhuri. Siku hizi natia kopo mbili."

"Tia la tatu, mama," nikasema.

Nilikuwa natania. Akatia la tatu.

Likizo ile na zilizofuata ulikula chungu hicho. Ulikuwa unatapika nyuma ya nyumba, tumbo linakukata, na bibi alisema nimekuharibu kwa vyakula vya mjini. Mimi nilikupa dawa ya minyoo. Mara ya pili nikakupa tena dawa ya minyoo, na nikakwambia ni ulafi wa maharage. Ulinitazama tu. Sijui kama unakumbuka ulivyonitazama. Mimi nakumbuka.

Nilivyokuja kujua, ilikuwa darasani. Nilikuwa nawaonyesha kidato cha pili kwamba majivu yana potasiamu. Unachovya waya, unaupeleka kwenye moto, mwali unageuka zambarau hafifu. Ndoo ya majivu ya tanuri ilikuwa karibu, nikatumia hayo. Nikachovya, nikachoma, hakuna zambarau. Nikarudia. Msichana mmoja wa mbele akasema, "Mwalimu, hayo majivu yamefiwa," darasa zima likaangua kicheko. Nikasema waya ni mchafu, nikafuta ubao, nikapiga kengele dakika tano kabla ya wakati.

Lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani. Potasiamu ndiyo inayofanya maji ya majivu yateleze vidoleni na kulainisha maharage. Kila mti unayo. Kama makaa yale yalikuwa miti tu, ilikwenda wapi? Mama yangu, ambaye hajui kusoma, alikuwa ameshaniambia. Aliniambia majivu yale si majivu anayoyajua, na mimi mwenye shahada nikamwambia aongeze.

Ndipo nikasoma, mwanangu. Nilisoma kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma mpaka chaji ikaisha. Makaa ya mawe yalikuwa mimea iliyolala kwenye matope chini ya maji kwa muda ambao akili yangu haiwezi kuushika. Maji hayo yalikuwa yanapita, na yakipita yanaacha kile yalichokibeba kutoka kwenye miamba. Yanaacha vipunje vya chuma na salfa vinavyong'aa kama dhahabu, na ndani ya vipunje hivyo hujificha aseniki. Yanaacha risasi, zebaki, seleniamu, floraidi. Katika kipande cha makaa vitu hivi ni vichache sana, havionekani, havinuki. Lakini ukikichoma, makaa yenyewe yanaondoka, na zebaki inatoka na moshi, na sehemu kubwa ya vile vingine inabaki kwenye majivu, imekusanyika pamoja. Potasiamu iliyomo imefungwa ndani ya udongo uliochomeka, haitoki kirahisi. Aseniki ndiyo inayotoka ukiyamwagia maji. Tulikuwa tunayamwagia maji, tukaweka chungu chini.

Wewe haya umeyasoma chuoni, nadhani, kwa mistari michache ya mtihani. Si makaa yote yanafanana. Yapo yenye sumu kidogo sana, na sikujua yetu yalikuwa ya namna gani. Nikashuka bondeni kuangalia rundo la makaa pale tanurini. Mvua za mwezi mzima zilikuwa zimelipiga. Chini yake kulikuwa na mfereji wa maji ya rangi ya kutu, unateremka mpaka kwenye kijito ambako Mama Zabroni alikuwa na bustani ya mchicha. Mchicha wa ukingoni ulikuwa umeungua kana kwamba mtu ameumwagia maji ya moto. Nilisimama pale nikagundua nasikia sauti ya maji peke yake. Bonde lile, msimu wa mvua, vyura wake walikuwa wanatuamsha.

Hapo ndipo nilipotakiwa kupanda mlima na kupiga hodi kila nyumba. Sikupiga.

Muhula mzima nilinyamaza. Nilijiambia sina ushahidi. Nilijiambia nitawatia watu hofu bure, watatupa maharage ya mwaka mzima, watakula nini. Sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Niliogopa kurudi kuwa yule binti. Mtu akikupa heshima baada ya kukunyima kwa muda mrefu, unaishika kama mtoto anavyoshika yai, na unaweza kufanya ubaya mkubwa ili usiliangushe.

Nilichofanya ni kusema nusu. Siku moja kisimani nikasema kama mtu anayepitisha maneno tu, "Jamani, nadhani majivu ya jikoni ni mazuri zaidi kuliko yale ya tanuri."

Mama Zabroni akaweka ndoo chini. "Mwalimu! Juzi majivu ni majivu, leo yameshagawanyika madarasa?"

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa nimefunguliwa mlango niseme kila kitu, nikaufunga mwenyewe kwa kucheka. Bibi yako nilimwambia aache, nikamsingizia kwamba hayafai kwa sababu ni mavivu, kama alivyosema mwenyewe. Akaridhika. Akafurahi hata, kwamba alikuwa ameona kabla yangu. Lakini gunia alikuwa ameshalimaliza, pamoja na jingine lililofuata.

Baadaye lori la Mzee Khalfani likaacha safari za kusini, makaa yakaisha, tanuri likafa. Nilimshukuru Mungu kana kwamba amefuta kila kitu. Hata hivyo nilikuwa nimetunza kopo moja la majivu. Nilimpa rafiki niliyesoma naye, anayefanya kazi kwenye maabara mbali na hapa, akayapima. Jibu lilikuja. Aseniki imo, na si ya kupuuza. Karatasi yenyewe imo ndani ya bahasha hii. Ilikuwa imekaa miaka mitano kwenye kava la cheti changu cha shahada.

Sasa nikwambie kwa nini siwezi kukaa nayo tena.

Krismasi ya mwaka juzi bibi yako alinishika uso kwa mikono miwili, unavyomjua, na nikahisi vijiwe. Viganja vyake vina vipunje vigumu kama ulezi, vimejaa mpaka kwenye nyayo. Kifuani ana madoa, meusi na meupe yamechanganyika, kama vumbi lililodondokewa na mvua. Nilimpeleka kwa daktari Kibondo. Akamuuliza umri, akamuuliza kazi, akasema ni jembe na uzee. Nilikuwa nimesoma kwamba aseniki nayo huacha alama kama hizo, lakini huenda daktari amesema kweli. Nataka iwe kweli. Kanisani wakati wa kupeana amani nawashika mikono wanawake wa rika lake mmoja baada ya mwingine, na wanadhani nina upendo mwingi. Natafuta vipunje. Nataka nivikute kwa wote, ili liwe jembe.

Wiki iliyopita nilipokupaka rangi ya kucha, ukashangaa mama leo kapatwa na nini, nilikuwa naangalia viganja vyako. Ni laini. Nilivigeuza mara tatu. Lakini nimesoma kwamba kitu hiki hakina haraka, na mwili wa mtoto haukumbuki kama wa mtu mzima. Huenda haukubaki na chochote. Huenda umebaki na kitu. Mimi mwenyewe nilikula pia, na sijajipima, kwa woga ule ule.

Utakapofika kazini watakupima afya. Watakupa fomu, na kwenye fomu kutakuwa na swali kama umewahi kukutana na kemikali za hatari. Ungeandika hapana, kwa moyo safi, na uongo ungekuwa wangu. Kisha wangekuingiza kwenye chumba cha kusagia. Vumbi lingepanda, na hakuna ambaye angejua kwamba si mara yako ya kwanza.

Kwa hiyo naomba hili, na sijui kama bado nina haki ya kuomba. Kama utakwenda, mpe daktari karatasi hii. Mwambie ulikula kuanzia miaka kumi hadi kumi na mbili. Aikague ngozi yako, na mkojo wako na kucha zako zipimwe kabla hujagusa kipande kimoja, wajue unaanzia wapi. Wasipotaka, rudi. Na kama hutakwenda kabisa, nitaelewa. Na kama utakwenda kwa hasira, kwa sababu ni kazi uliyoitafuta mwenyewe na mimi nimeichafua siku moja kabla, hilo nalo nitalielewa.

Ipo siku mtu atasimama mbele yako na beseni. Huko labda beseni litakuwa faili, au meneja anayetaka uandike kwamba rundo halina madhara kwa sababu kijiji cha chini kinauliza. Sijui utajibu nini. Sikuombi uwe shujaa. Nataka tu ujue inavyokuwa: ni muda mfupi sana, watu wanakutazama kwa upendo, na jibu baya linatoka mdomoni kwa raha.

Nimeacha kuandika hapa kwa karibu saa nzima. Nilivaa ndala nikaenda kwa Mama Zabroni. Nilimkuta anapepeta maharage uani. Nilisimama kama mtu anayedaiwa, nikamwambia yote, kuanzia siku ya tanuri mpaka karatasi. Hakunikatiza, na hilo peke yake lilinitisha. Nilipomaliza akaweka ungo chini, akatazama mikono yake, upande wa juu, upande wa chini, akaisugua kwenye kanga, akaitazama tena.

"Na Veneranda anajua?" akauliza.

"Bado. Namwandikia."

"Sasa mimi umenianza kwa nini?"

Akaokota ungo wake.

"Nenda kwanza kwa mwanao, mwalimu. Mimi nitakutukana kesho, nikishapata maneno."

Basi nikwambie na la mwisho. Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute baada ya kupita Mpanda. Nilishahesabu kituo. Nilichagua mahali ambapo basi halirudi, ili unichukie ukiwa mbali na uende kazini hivyo hivyo. Nilipokuwa narudi kutoka kwa Mama Zabroni nimeona kwamba ningekuwa nafanya kwako lile lile nililowafanyia wale wanawake: kunyamaza mpaka chakula kiwe kimeshaliwa.

Gari la Kibondo linafika saa kumi jioni. Nakuja kukungoja stendi, na bahasha hii nitakupa mkononi kabla hatujapanda bodaboda. Tutakaa kwenye benchi la pale kwa muuza chai. Basi la kusini ni kesho alfajiri, kwa hiyo una jioni yote ya kuamua kama utapanda. Jumamosi nakwenda Kitahana kumwambia mama yangu. Ukitaka tufuatane, tutafuatana.

Soma pole pole. Ukimaliza, kama hutaki nikushike mkono, sema. Nitasogea mwisho wa benchi. Sitaondoka.

Mama yako